Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Polisi Wenye Askari Asiyechoka

Kwa Wakuu wa Huduma ya Kitaifa ya Polisi, Kenya.

Waheshimiwa,

Taasisi hii inastahili pongezi kwa kumvumbua binadamu ambaye, tangu kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020 hadi ilipoondolewa Oktoba 2021, hakuhesabiwa kuwa na mapafu ya kuambukizwa wala akili ya kuelemewa. Raia walipoagizwa kuachana mita moja na nusu, askari huyu alitekeleza agizo hilo kwa kuwarundika waliochelewa kufika nyumbani nyuma ya Land Cruiser, goti kwa goti, na zamu ilipokwisha alirudi laini, yaani kwenye makazi ya polisi, ambako familia mbili huweza kugawana chumba kimoja kwa pazia, kinga ambayo bila shaka virusi viliiheshimu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu wa kazini, yaani hali itokanayo na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa, hujitokeza kwa kuishiwa nguvu, kuikinai kazi na kushuka kwa ufanisi. Maelezo hayo ni marefu mno kwa kituo chenye shughuli nyingi, ambako mambo yote matatu humalizwa kama kesi ya nidhamu mbele ya OCS, yaani mkuu wa kituo, naye askari akirudi kazini amekemewa vya kutosha hukabidhiwa bunduki yake. Anayefikiria kumwona mshauri nasaha huogopa kwamba habari zikivuja atapoteza cheo. Basi hunyamaza, na unyamavu wake huhesabiwa kuwa ukakamavu.

Haya hayamsafishi yeyote. Abiria waliopigwa rungu na kurushiwa gesi ya kutoa machozi kwenye kivuko cha Likoni siku ileile ya kwanza ya kafyu, kabla hata saa yake haijagonga, hawakuwa na wajibu wa kuuliza kama aliyewapiga amelala. Wajibu huo ulikuwa wa waliompanga zamu.

Ombi, basi, ni dogo. Janga jingine likibisha hodi, orodha ya vifaa, ambayo gesi haikosekani humo, iongezwe siku za mapumziko na mshauri asiyeripoti kwa OCS, na fedha zikipungua zikatwe kwenye fungu la gesi.

Ni sisi walipa kodi, tuliofika nyumbani mapema.