Kupumua kwa LUKU

Kuna magonjwa yenye heshima zake. Ukisema una presha, barazani watu wanakupa pole na muuza kahawa anakumiminia kikombe cha pili bila kudai. Ukisema una sukari, kila mmoja anakutajia dawa yake: mlonge, mwarobaini, magome ya mti fulani kutoka milima ya Amani ambao yeye peke yake ndiye anayeujua. Lakini hebu mwambie mtu wa Mabawa, hapa kwetu Tanga, kwamba una ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Atakutazama toka utosini mpaka kwenye makobazi, kisha atakuuliza:

"Zinakatika, halafu?"

"Halafu zinarudi."

"Sasa kama zinarudi, unaumwa nini?"

Ndiyo taabu ya maradhi haya. Mgonjwa mwenyewe hana ushahidi, kwa sababu yanapotokea amelala. Shahidi ni mke, na shahidi huyo ana kesi yake ya siku nyingi dhidi ya mshtakiwa.

Kukoroma kwangu hakukumsumbua sana. Huku kwetu mwanamume akikoroma husemwa kashiba, na sifa zinakwenda jikoni. Kilichomtisha ni kule kunyamaza. "Anavuma, anavuma, halafu kimya," alimwambia daktari mbele yangu, akinizungumzia kama sipo. "Mie nahesabu. Nikifika ishirini najiuliza nilie sasa au ningoje kidogo. Mara anakurupuka, anavuta pumzi moja kubwa, anageukia ukutani, kalala. Na mie ndiyo usingizi umeshakwenda."

Daktari hakucheka. Alitoa utepe, ule ule wa mafundi cherehani, akanipima shingo. Mwanamume akizidi sentimita 43, alisema, tunaanza kumtilia shaka. Mimi fundi wangu wa kanzu alishaanza kunitilia shaka zamani, ila yeye aliishia kuongeza kitambaa. Nikapelekwa kulala huku nimefungwa nyaya kifuani, kibano kidoleni na vijibomba puani, na asubuhi nikasomewa hesabu yangu. Ukilala, misuli ya koo inalegea, ulimi na nyama laini za nyuma zinaanguka, njia ya hewa inaziba. Oksijeni ikishuka, ubongo unakuamsha kiasi cha kuvuta pumzi tu, hata hujui kama uliamka. Mkatiko wowote unaofika sekunde 10 unahesabiwa. Chini ya mara 5 kwa saa huna neno. Ukivuka 30 wewe ni mgonjwa wa daraja la juu. Nilivuka. Kumbe usiku kucha nilikuwa natolewa usingizini na kurudishwa, na asubuhi naamka na kichwa kizito na presha iliyopanda, halafu watu wanasema mzee yule mvivu.

Mambo mengi yalinielea siku ile. Nilielewa kwa nini daladala za kutoka mjini hunipitisha kituo changu, hata makonda wamezoea kuniamsha kwa kugonga bati. Nilielewa na mambo ya Ijumaa. Sisi Mashafii tuna nafuu yetu: ukisinzia umekaa, makalio yametulia chini, udhu wako hauharibiki. Nafuu hiyo nimeitumia mpaka naona haya. Kwa bahati mbaya haisemi lolote kuhusu kumkoromea khatibu.

Dawa ikawa mashine. Wenyewe wanaiita sipapu: kisanduku chenye feni ndani, mpira mrefu, na barakoa ya kufunga usoni, ambayo inakupulizia hewa puani usiku kucha ili koo lisipate nafasi ya kujifunga. Mpya ni mamilioni ya shilingi, kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu aliyeko Maskati, naye akapata iliyotumika kwa mtu aliyebadilisha. Kabla hajaifunga kwenye begi nilimwambia asome nyuma imeandikwa kampuni gani na mwaka gani, maana Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake: ndani mliwekwa sponji ya kupunguza sauti, na sponji ile ikawa inaweza kumomonyoka na kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Mpwa akasoma. Haikuwa mojawapo. Ewe msomaji unayeletewa ya mtumba, nawe uliza hivyo hivyo, hata kama anayekuletea ataona unamchunguza.

Aliyeibuni mashine ya namna hii ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, kule Sydney mwaka 1980. Kabla ya hapo mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo. Yupo mmoja aliyelikataa tundu lile katakata, basi Sullivan akachukua injini ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, akamfunga mtu wake, na mtu wake akalala fofofo mpaka asubuhi. Habari zake zikachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Wagonjwa wa mwanzo barakoa walibandikwa usoni kwa gundi, kila usiku. Hilo la gundi huwa nalikumbuka ninapokazana na mikanda ya kwangu, na hata hivyo halinifariji.

Nguvu ya upepo inapimwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kuijua ya kwangu, chukua dafu, chovya mrija sentimita 10 ndani ya maji yake, kisha puliza mpaka mapovu yatoke. Nguvu hiyo hiyo, ila wewe ndiye unayepulizwa, usiku kucha, na dafu hupewi. Kuvuta pumzi hakuna shida, unasukumiwa. Kazi iko kwenye kuitoa, unatoa kwa mabishano. Na barakoa yangu ni ya pua tu, kwa hiyo ukifungua mdomo kusema "lahaula", upepo ulioingilia puani unatokea mdomoni, na neno lako unaliona likienda bila wewe. Usiku wa kwanza mke wangu aliniuliza kama nimefunga mlango wa uani. Nilimjibu. Aliketi kitandani, akasoma Ayatul Kursiy, akaenda kuufunga mwenyewe.

Hewa nyingine haitoki kabisa, inateremka tumboni. Naamka nimejaa gesi kuanzia kifuani kushuka chini, nikicheua mpaka naelekea msikitini. Daktari anasema itapungua. Ndevu nazo zinaingiza upenyo, hewa inavuja pembeni na kupuliza jichoni. Nilishauriwa nizinyoe. Nikasema hapana, tutaanza kwanza kwa kubadilisha mashine.

Ila malalamiko yangu makubwa si hayo. Malalamiko yangu ni kwamba aliyeandika kijitabu cha mashine hii alikuwa na mtu wake kichwani: analala peke yake, chumba kimefungwa, kuna kiyoyozi, umeme haukatiki, na mbu hawajui. Mimi nalala Mabawa.

Anza na chandarua. Mpira lazima upite chini yake, na unapopita unaacha mwanya unaomtosha mbu na jamaa zake. Kuuingiza kwa juu haiwezekani bila kutoboa. Mwishowe mke wangu alichana upindo wa kanga kuukuu, akakusanya pindo la chandarua kuuzunguka mpira, akafunga fundo, akaongeza na pini mbili. Kazi safi. Lakini sasa nikitaka kutoka usiku kwenda msalani, kama ilivyo ada ya watu wa umri wangu, ama nifungue fundo gizani, ama nivue barakoa na kuiacha inapuliza peke yake, shuka linapepea na mwenye kulala ananiuliza kimevuma nini.

Halafu harufu. Kisanduku kimekaa kwenye stuli karibu na dirisha, kwa sababu soketi iko pale, na kinavuta hewa ya pale. Kuna kichujio kinachozuia vumbi, lakini harufu inapita. Jirani yetu anaamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua na mihogo ya biashara. Zamani harufu ile ilikuja kwa adabu, ikabisha hodi, ukaisikia ukitaka. Sasa inaletwa kwa mpira mpaka puani na kusukumwa ndani kwa sentimita 10 za maji. Siku akichoma dagaa, nimekula dagaa. Usiku wa kuamkia Ijumaa mke wangu anafukiza udi, kama alivyofanya maisha yote ya ndoa yetu. Usiku mmoja kama huo nilijaribu kueleza kwa heshima kwamba mtu anaweza kupenda udi na asipende kupigwa nao sindano. Alinijibu kwamba nyumba ni yake pia, na mashine ndiyo iliyokuja juzi. Tumehamisha stuli. Ekstensheni ya waya nimenunua mwenyewe.

Maji nayo. Mashine ina kitangi cha kulainisha hewa, na kijitabu kinataka maji yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa, yasiyo na chumvi wala chokaa. Nikakumbuka maji ya betri, nikaenda duka la vipuri.

"Gari gani, mzee?"

"La kulalia."

Kijana akaniletea chupa mbili, akanisifia zaidi ile yenye asidi kwa kuwa ndiyo inayofufua betri iliyokufa. Nilirudi na mkono mtupu. Daktari nilipompigia akaniambia nikizime kitangi kabisa: hewa ya Tanga ina maji ya kutosha, hasa msimu huu wa masika. Kitangi sasa kinatunza miwani yangu.

Tukija kwenye umeme, nina maneno. Taifa limejenga Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Sina ugomvi nalo. Mashine yangu bila kitangi inakula umeme mdogo kuliko feni ya dari. Lakini kati ya Rufiji na pua yangu kuna nguzo nyingi, na moja ya mwisho iko chini ya mwembe ambao mwenyewe hataki upogolewe mpaka atoe maembe yake. Kusi ikivuma tawi linagusa waya. Feni ya dari inasimama, mashine inasimama, na mimi nabaki nimefungwa mpira usoni, navuta pumzi kupitia vitundu vidogo vya barakoa. Hufi, vitundu viliwekwa kwa kazi hiyo. Lakini unaamka, na ukiamka unaamka na hasira.

Na hapo ni umeme kukatika kwa wote. Kuna siku ulikatika kwetu peke yetu. Saa nane usiku LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, iliisha. Mke wangu akainuka, akanitazama kwa mwanga wa simu, akasema, "Mume wangu, enhe. Sasa unapumua kwa LUKU." Kisha akanisomea tarakimu 20 za tokeni mimi nikibonyeza, barakoa ingali usoni, maana kuivua ni kazi na kuivaa tena ni kazi maradufu. Ya kumi na saba nikaikosea. Tukaanza upya. Jirani wa ukuta wa pili akauliza kuna msiba?

Mjukuu wangu alipoingia asubuhi kuniamkia alisimama mlangoni, akaangalia ule mpira uliotoka puani mpaka sakafuni, akasema, "Shikamoo babu. Umekuwa tembo?" Nikamwambia marahaba, ndiyo, na aende akawaambie wenzake. Akawaambia. Kwa siku kadhaa dirisha letu lilikuwa na vichwa.

Lenye kuudhi zaidi ni kwamba mashine inasengenya. Inaandika umelala saa ngapi umeivaa, umevuja wapi, pumzi zimekatika mara ngapi, na daktari akichomeka kadi anasoma yote. Anataka angalau saa 4 kila usiku. Nilimweleza habari za chandarua, mwembe, jirani na udi. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuza kompyuta yake nione: siku nilizoivaa sawasawa, hesabu yangu imeshuka chini ya 5.

Sasa sijui nifanye nini na hasira zangu, kwa sababu inafanya kazi. Kichwa asubuhi chepesi. Kituo changu nashuka mwenyewe. Aliyepata hasara ni mke wangu, ambaye hapati usingizi kwa sababu ya kimya: ananyoosha mkono gizani, ananigusa kifua kama kinapanda, na mguso huo ndio unaoniamsha. Tumetoka kwenye yeye kukosa usingizi kwa sauti yangu tukaingia kwenye sote wawili kukosa usingizi kwa salama yangu. Ijumaa iliyopita, baada ya miaka mingi, niliisikiliza khutba yote toka "amma baad" mpaka dua. Nasema kwa heshima zote: ni ndefu.

Basi nina ombi. Vichujio vya mashine hii ni vya kubadilisha mara kwa mara, na mpwa wangu hawezi kusafiri kila mwezi kutoka Maskati kwa ajili ya kijisponji chenye ukubwa wa stempu. Ikiwa kuna duka Tanga hii linaloviuza, iwe Ngamiani, iwe Chumbageni, naomba mtu anijulishe. Barazani nipo kila siku baada ya Alasiri, na siku hizi utanikuta macho.