Jinsi ya Kuishi na Simu ya Kazi Yenye Tumbo Dogo

Siku ya kwanza, kabla hujaivalisha kava, ieleze simu yako kazi iliyoletwa kufanya. Simu ya bei ya chini uliyoinunua kwa ajili ya biashara ni kijana wa dukani. Ana nguvu za kutosha kazi moja na ana moyo, lakini ukimwacha bila maelekezo kila mtu wa nyumbani atamtuma: mtoto atamtaka kwenye gemu, shemeji atambebesha filamu, na mjomba atampigia mahubiri ya saa mbili huku mteja wa Mbagala anasubiri jibu la bei. Jioni utamkuta amezimia, kisha wewe utamwita mbovu.

Nauza vitenge na vifaa vya ushonaji. Simu tatu zimepita mikononi mwangu, zote za bei ya chini, na zote zimenilisha. Ninazipenda kwa dhati, ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na ununuzi. Ukifika Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, utaambiwa mambo mengi kuhusu kamera. Kamera iache kwanza, uliza vitu viwili: ram na memori. Muuzaji aliyeniuzia hii niliyonayo sasa alinisifia bidhaa yake kwa nia njema kabisa: "Dada yangu, hii ni thelathini na mbili, haijai hii!" Inajaa. Kiwanda huhesabu GB moja kwa maelfu kamili, nayo simu nyingine huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo 32 za kwenye boksi zinaweza kusomeka kama 29 na ushee. Humo ndani Android yenyewe imeshatandika godoro lake, na programu ambazo hukuziomba zimeshachukua chumba. Kinachobaki ndicho duka lako.

Ram ni jambo jingine, na wengi huvichanganya. Kwa lugha ya fundi cherehani, memori ni kabati na ram ni meza ya kukatia. Kabati likiwa kubwa, utaweka vitambaa vingi. Meza ikiwa ndogo, utakata gauni moja kwa wakati hata kama kabati ni la ukuta mzima. Google ilitoa Android Go mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu zenye meza ndogo, zile za ram GB 1 au chini yake. Kufikia Android 13, hata toleo hilo jepesi lilitaka GB 2. Kwa hiyo ukipewa simu mpya ya GB 1 kwa bei ya kuvutia, jua unanunua meza ambayo nguo za leo hazitandikiki. Ongeza kidogo uchukue ya 2, na ukiweza 3, hata ikibidi kusubiri hadi mwisho wa mwezi.

Kabla ya kutoa hela, bonyeza *#06#. Namba zitakazotokea lazima zilingane na za kwenye boksi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa wakifanyia kazi simu hizo waliamka na vibao mkononi. Dai risiti pia, tena isome.

Sasa tumbo, yaani memori. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo biashara nyingi ndogo zinapovuja bila mwenyewe kujua.

Simu haijazwi na kazi. Picha zangu za vitenge, hata nikipiga ishirini kwa siku, hazijawahi kuishinda. Kinachoijaza ni upendo wa watu. Ni maua ya asubuhi njema, ni video ya mtoto wa jirani anayecheza, ni mchungaji, ni shehe, ni daktari anayesema maji ya ndimu yanatibu kila kitu, na vyote vimetumwa na watu wanaokutakia heri. Piga hesabu: video 20 kwa siku, kila moja MB 5, ni MB 100. Kwa mwezi ni GB 3. Kwa simu ambayo imebakiwa na nafasi ya GB 12, miezi minne inatosha kuifikisha shingoni. Na memori ya simu hizi ikikaribia kujaa huwa nzito mno, kwa sababu haina pa kugeukia: kila inapotaka kuandika kitu kipya lazima kwanza ihamishe na kufuta vya zamani. Wewe unaona imeganda, kumbe inahangaika kutafuta pa kuweka mguu.

Mwaka mmoja nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu. Grupu lilikuwa na watu zaidi ya mia, kila mmoja na sauti, picha za ukumbi, picha za keki, video za mashairi. Siku hizo hizo mama mmoja aliyenijua kwa muda mrefu alinitumia picha ya kitenge alichotaka kwa sare, doti 30. Picha ilikataa kufunguka kwa kuwa simu ilikuwa imejaa. Nikasema nitafuta vitu nikifika nyumbani. Nilipofika nyumbani nilikuta vikao vya kamati, nikasahau. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshanunua kwa mwingine. "Mwanangu, nilidhani hutaki," aliniambia, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Doti 30 ni kodi ya fremu na zaidi, lakini hadi leo kinachoniuma zaidi ni lile neno, nilidhani hutaki. Mteja haoni memori yako. Anaona kimya.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla ya kumaliza kusoma. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti, video na mafaili. Kuanzia hapo kitu hakiingii mpaka ukiguse, na bando lako litashukuru pia. Humo humo utaona orodha ya magrupu yaliyokula nafasi, yamepangwa kuanzia lile lenye njaa kuliko yote. Futa kwa mkono wa huruma lakini futa. Halafu chagua siku. Mimi ni Jumapili jioni, nikiwa nimeshafunga hesabu: nafungua programu ya mafaili, naangalia vilivyojirudia, nafuta skrinishoti za miamala iliyokwisha, nabaki na robo ya memori ikiwa tupu. Robo hiyo ni njia ya kupita, kama ile unayoiacha katikati ya duka ili mteja asikanyage bidhaa.

Jihadhari na zile programu zinazoahidi kusafisha simu na kuipa kasi. Nyingi ni matangazo yaliyovaa aproni. Na usiwe na tabia ya kufunga programu zote zinazofanya kazi kwa nyuma kila baada ya dakika mbili. Ulichokiondoa mezani, ukikihitaji tena, simu itakitoa kabatini upya, nalo hilo linakula chaji na muda. Fungua moja, maliza, nenda nyingine. Ikiganda, iweke chini, hesabu hadi kumi, msalimie mteja aliye mbele yako. Kubonyeza mara nane ni kuipa kazi nane.

Pesa. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na wenzake wakafuata, droo ya duka imehamia kwenye simu. Kwa simu ndogo ushauri wangu ni kubaki na nyota na alama ya reli. *150*00# na ndugu zake hawahitaji memori, hawahitaji bando, hawasubiri toleo jipya. Wanapita kwenye mtandao uleule wa kupigia simu. Simu ikiwa imejaa hadi kooni, nyota itaitika. Bando likiisha katikati ya mwezi, itaitika. Kwa hiyo hutakosa droo hata siku simu ikiugua: hamishia laini kwenye kitochi, kile kisimu cha vitufe, uendelee kuuza. Kila mwenye simu moja ya kazi anapaswa kuwa na kitochi kimoja kwenye droo halisi, kikiwa na chaji.

Lakini ujumbe wa pesa usome kwa macho mawili. Mteja akikuonyesha kwenye simu yake kwamba ametuma, mshukuru, kisha angalia salio lako wewe mwenyewe. Ukipokea ujumbe unaofanana na wa muamala, tazama umetoka kwa nani, na hata ukiridhika, angalia salio. Nafanya hivyo mbele ya watu wote, hata mbele ya mama yangu mdogo, na naeleza kwa upole: "Shikamoo mama, naomba dakika moja nihakikishe imeingia." Hakuna aliyewahi kununa. Nao ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", ambao kila Mtanzania ameupokea, unamnasa mtu aliye na haraka na aliyekuwa kweli anataka kumtumia mtu pesa. Duka lina haraka nyingi na malipo mengi, kwa hiyo tuko mstari wa mbele. Piga simu kwanza, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Tarakimu sita zinazotumwa na WhatsApp usimsomee mtu yeyote, awe ametumia sauti ya upole kiasi gani. Washa na ile namba ya siri ya pili, iliyo ndani ya akaunti. Wateja wako wote wako humo, na mwizi akiingia atawaomba pesa kwa jina lako, kwa picha yako, nao watatoa kwa kuwa wanakupenda.

Kuhusu laini yenyewe: iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Najua wapo wanaotumia laini ya kaka au ya aliyekuwa mume, imekuwa hivyo tangu kabla ya usajili wa alama za vidole. Bonyeza *106# uone. Siku simu ikiibiwa, mwenye haki ya kuirudisha namba hiyo ni yule ambaye kidole chake kiko kwenye mfumo, na namba ikipotea, kibao cha dukani kwako kinaelekeza watu kwa mtu mwingine.

Chaji haina maneno mengi. Joto ndilo adui, kwa hiyo usiiache kwenye kaunta inayopigwa na jua wala chini ya mto ikichajiwa. Usisubiri izime ndipo uichomeke.

Majina ya wateja yaweke kwenye akaunti ya Google, sio kwenye laini, maana laini nyingi hushika majina 250 hivi na haziweki zaidi ya namba na jina. Google inatoa GB 15 bure, na siku hizi nakala za WhatsApp zinahesabiwa humo humo, kwa hiyo zilinde pia dhidi ya maua ya asubuhi njema. Halafu fanya kitu ambacho vijana wangu dukani hukishangaa: nunua daftari. Andika humo namba za wateja ishirini wakubwa, mawakala, wauzaji wa jumla, na watu wa nyumbani. Andika madeni yote. Nilipoibiwa simu ya pili, ndani ya daladala, nilishuka nikiwa natetemeka, lakini kufikia saa tisa nilikuwa nimeshawaarifu watu wote wa kwenye daftari kwa kitochi cha jirani.

Simu ya kwanza haikuibiwa. Ilizeeka tu, WhatsApp ikaanza kuilemea, nikainunulia mrithi. Ukifika hapo usiitupe na usiiuze na siri zako. Toa laini na kadi ya memori, ondoa akaunti yako ya Google, kisha irudishe kama ilivyotoka kiwandani. Niliifuta yangu usiku, nikaifuta na vumbi kwa kitambaa cha pamba, nikampa binti anayejifunza kushona kwangu, ambaye hakuwahi kumiliki simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Dada, nianze kuweka nini?"

"Namba ya mama yako."

Akaiandika taratibu, akanionyesha nione kama iko sawasawa. Kisha, bila mimi kumwambia, alifungua daftari lake la vipimo, ukurasa wa mwisho, akaiandika na huko.