Shangazi wa Mpakani: Mume Wangu Ana Gundi Shatini

Mfuko wa barua umefurika wiki hii na, ajabu ya mwaka, hakuna hata moja ya mapenzi. Moja ilijifanya ya mapenzi, nayo ndiyo tunayoanza nayo. Mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia zote mbili, Malaba zote mbili, hadi Tororo, watu wanalia na kitu kimoja: kazi ya nyumbani ya watoto. Haya, tuketi.

Kwako shangazi,
Mimi ni mama wa watoto watatu, Busia upande wa Kenya. Mume wangu hajawahi kunipa shaka. Lakini tangu muhula huu uanze, anangoja nilale kisha ananyemelea sebuleni. Nikimuuliza, anasema ni mambo ya kazi. Juzi nimeona gundi kwenye shati lake, na mfukoni risiti ya saiba: kuchapisha picha za rangi. Niambie ukweli, kuna mwingine?
*Mke Asiyelala*

Dadangu, mwingine yupo, na mimi namfahamu. Anaitwa Gredi ya Nne.

Kenya ilipoanzisha mtaala wa CBC nchi nzima mwaka 2019, nia ilikuwa mtoto ajifunze kwa kutenda. Katika nyumba nyingi anayetenda ni baba. Mtoto anapewa kazi ya kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, anaikumbuka saa mbili usiku akishika kijiko cha mwisho cha ugali, na saa nne anakoroma huku mzee akihangaika na makasi. Malalamiko ya wazazi yalifika hadi wizarani, na mwishoni mwa mwaka 2022 Nairobi ikatangaza kwamba wanafunzi wa shule za msingi wasipewe kazi za nyumbani. Ila tangazo likitoka Nairobi hufika Busia limechoka, na kesho yake mwalimu anataka manila.

Usimfumanie kwa kelele. Mnyang'anye makasi tu. Mwalimu wa mwanao hadanganyiki: sanamu ya mtu mzima husimama wima na gundi yake haionekani. Ya mtoto wa miaka kumi huinamia upande mmoja, ina kofia kubwa kuliko kichwa, na jicho moja limebandikwa karibu na sikio. Hiyo iliyoinama ndiyo ipelekwe shule, kwa sababu ndiyo pekee inayomwonyesha mwalimu mwanafunzi wake anaweza nini.

Mumeo ana kazi yake, wala si ndogo. Mtoto akirudi alasiri amuulize mawili: "Mmeambiwa mfanye nini?" na "Unahitaji nini?" Kama ni boksi, likaombwe dukani kabla duka halijafungwa. Baada ya hapo aketi karibu, mikono mfukoni. Mikono ikitoka mfukoni, niandikie tena.

Hujambo shangazi,
Mimi nabadilisha pesa pale mpakani, na mwanangu hukaa nami kibandani akitoka shule. Aliulizwa: "Mama ana shilingi 500. Amenunua mkate wa shilingi 65. Amebaki na ngapi?" Akaandika: "Ni za Kenya au za Uganda?" Mwalimu akamtilia alama nyekundu ya kosa. Nikalalamike?
*Mama Chenji*

Usilalamike, ila mpongeze huyo mtoto kimyakimya. Shilingi moja ya Kenya huzunguka 28 za Uganda, kwa hiyo 500 za Uganda ni kama 18 za Kenya, na kwa 18 huo mkate ataunusa tu. Swali lake ni zuri kuliko lile la kitabuni.

Lakini mtihani hausahihishwi na wabadilisha pesa. Mfundishe hivi: swali lisomwe mara mbili, kinachoulizwa kipigiwe mstari, hatua ziandikwe moja baada ya nyingine, kisha kipimo kiwekwe mwishoni, "Sh. 435". Hoja za kiwango cha siku azilete ukimaliza kumkagua. Na kibanda chako ni darasa tayari: kila siku mpe hesabu moja ya kweli, ya mteja mwenye noti ya elfu ya Kenya anayetaka pesa za Uganda, aifanye kwenye karatasi kabla hujagusa kikokotoo. Moja inatosha. Akianza kukuhesabia siku nzima, umeajiri karani na umepoteza mwanafunzi.

Shangazi,
Naendesha boda boda Tororo. Nafika nyumbani saa tatu usiku, namwamsha kijana wangu wa P.4 nikague daftari. Analia, analala juu ya daftari, mate yanaharibu kurasa. Majirani wananiita mkali. Mimi nataka tu asome asije akawa kama mimi.
*Baba Pikipiki*

Kwanza, kaka, usijidharau. Biashara yako ilizaliwa kwenye mpaka huuhuu, kwa baiskeli za miaka ya 1960, na leo iko Afrika Mashariki yote. Ila mtoto aliyelala si abiria: humwamshi ukamwambia tumefika.

Sisi tuko karibu na Ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama katikati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, halibadiliki sana Januari wala Julai. Hiyo ndiyo saa yako ya ukutani, na haihitaji betri. Mtoto afike, ale kiporo cha viazi au muhogo, akimbie uani kidogo, kisha akae mlangoni penye mwanga amalize kazi kabla kuku hawajaingia bandani. Mkingoja giza, mtagombana na koroboi, moshi na usingizi, watatu kwa mpigo.

Na isiwe kazi ya kutwa. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyepitia na wenzake utafiti mwingi wa jambo hili mwaka 2006, hakuona faida kubwa ya kuwarundikia watoto wadogo kazi za nyumbani. Kipimo anachokiunga mkono ni dakika kumi kwa kila darasa: P.1 dakika kumi, P.4 arobaini. Akizimaliza kwa bidii, daftari lifungwe hata kama swali moja limebaki.

Wewe kagua asubuhi. Unapompeleka shule, kabla hujawasha pikipiki, mwambie akufungulie ukurasa mmoja na akueleze alichofanya. Dakika tatu za baba aliye macho zinashinda saa nzima ya baba anayepigana na usingizi wa mwanawe.

Mwanangu shangazi,
Mimi ni bibi kizee, niko na wajukuu wanne kijijini, Tororo. Mmoja ameleta kazi ya Kiswahili. Mimi sikusoma, nasema Kijopadhola, na Kiswahili changu ni cha sokoni. Nitamsaidiaje?
*Nyanya wa Wanne*

Nyanya, pokea heshima zangu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lazima shuleni. Sasa wajukuu wanatumwa na serikali kujifunza kile ambacho wewe umekuwa ukikitumia kuuzia mahindi na maharagwe. Hicho unachokiita cha sokoni kimewahi kukunyima mteja?

Fanya hivi. Mwambie akusomee kazi yake kwa sauti, kisha akueleze kwa Kijopadhola imesema nini. Akikwama, hapo ndipo hajaelewa, na wewe umejua bila kujua kusoma. Muulize, "Neno hilo ni kitu gani?" Anayemfundisha nyanya yake hulazimika kuelewa kwanza. Akimaliza, mjaribu kwa bei: nyanya mnunuzi, mjukuu mchuuzi.

Na usidhani kukaa naye ni kitu kidogo. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Darasa liliporudi, mtoto aliyekuwa na mtu wa kumwambia "hebu nisomee" hakuanzia sufuri.

Aunti,
Nina miaka 11, P.5. Mama anakaa Busia ya Kenya, baba Busia ya Uganda, mimi nalala huku na kule. Nikiwa kwa mama nasema daftari liko kwa baba. Nikiwa kwa baba nasema liko kwa mama. Imefanya kazi muhula mzima. Sasa mwalimu ameita wazazi wote wawili siku moja. Nisaidie.
*Mfanyabiashara Mdogo*

Mwanangu, mpaka huu umeona magendo ya sukari, ya mayai na ya mafuta, lakini daftari ndiyo mara ya kwanza.

Tangu Februari 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani: maofisa wa Kenya na wa Uganda chini ya paa moja, msafiri anakaguliwa mara moja upande anaoingia, basi. Wazazi wako wanahitaji mfumo huohuo. Watengeneze daftari dogo la mawasiliano: mwalimu anaandika kazi, mzazi wa usiku huo anatia sahihi, na begi moja linavuka nawe kila siku. Waachane wao, begi wasiliache.

Wewe mwenyewe waambie kabla mwalimu hajawaambia. Adhabu ya aliyekiri huwa fupi. Na kwa kuwa begi linavuka mpaka, vitabu vifungwe kwa gazeti, si kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na faini yake hufika shilingi milioni nne au kifungo hadi miaka minne. Hapo hata mimi sitakusaidia.

Majibu ya chapuchapu

*Baba wa Malaba: nimpe soda kila akimaliza kazi?* Mara mojamoja, bila kutangaza. Ukiifanya mshahara, siku ya kukosa soda jiandae kwa mgomo.

*Mama wa Busia: anafanya kazi televisheni ikiwa imewashwa, anadai anasikiliza tu.* Izime. Na simu yako pia, unayodai unaangalia saa tu.

*Kaka mkubwa: akikwama nimpe jibu?* Hapana. Aweke alama kando ya swali, aendelee na linalofuata, kesho amuulize mwalimu. Ukimziba mtoto pengo kwa jibu lako, mwalimu atajenga somo jipya juu ya shimo.

*Kwa yule aliyenitumia maswali kumi na mawili ya hesabu za sehemu akidai ni matatizo ya ndoa:* majibu hayatoki. Mrudishie mtoto kalamu yake.

Kazi ya nyumbani ni ya mtoto. Mzazi apange saa, atafute penye mwanga, aulize, akae pembeni. Na barua za wiki ijayo ziandikwe na wazazi wenyewe, maana nyingi za wiki hii zina mwandiko wa Gredi ya Nne.