Mdhamini Asiyeulizwa

Ujumbe ulimfikia baba mkwe kabla ya kumfikia mwandishi wa safu hii. Ulikuwa na picha ya kitambulisho cha fundi bomba, neno TAPELI kwa wino mwekundu, na chini yake jina kamili la mwandishi kama mdhamini. Mzee, ambaye kwa kawaida hu-"beep" tu, safari hii alipiga kwa salio lake. "Mwanangu, mbona hukuniambia mambo yamekuwa magumu? Niuze gunia moja la mahindi nikutumie?"

Afadhali angetukana.

Mwandishi hakutia saini popote wala hakuulizwa chochote. Anachojua ni kwamba fundi huyohuyo alichukua advansi kwake ya kununua koki mbili, na koki hazijaonekana. Kwa haki, yeye naye ni mdai. Alistahili kupanga foleni na wenzake, si kubandikwa kwenye bango.

Ila ukiichunguza, biashara yenyewe ya kukopesha kwa simu, iliyomnasa fundi, imesukwa kwa ustadi wa kutisha. Mkopaji anapakua programu, nayo inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Anakubali, maana mwenye mgonjwa hospitali hasomi masharti. Anaomba elfu hamsini, anapokea pungufu kwa sababu ada imekatwa juu kwa juu, lakini anadaiwa elfu hamsini kamili, ndani ya siku chache. Hakuna hati ya nyumba, hakuna kadi ya gari. Dhamana ni aibu. Na aibu ni mali safi: haihitaji dalali wala amri ya mahakama, na inagawanyika bila kupungua, kipande kwa mama, kipande kwa bosi, kipande kwa mchungaji, na kile kinono kwa mkwe wa mteja wa fundi.

Mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya hapo, Mei 2023, Google ilikwisha kuzikataza programu za mikopo zilizo dukani kwake kugusa orodha za majina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Mzee alifikiwa hivyohivyo.

Ujumbe ulimalizia kwa mahubiri: dawa ya deni ni kulipa. Nani kabisha? Kwenye mazishi ya Waislamu, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu awaone wafiwa. Deni linazungumzwa mbele ya jeneza. Lakini mdai wa msibani huja na sura yake, amekula ubwabwa wa watu, na si ajabu akasamehe. Aya ya 280 ya Sura Al-Baqara nayo inaagiza mdaiwa aliyebanwa apewe muda hadi apate nafuu. Hawa wa simu wameshika fungu linalomhusu mkopaji, fungu la mkopeshaji wakaliruka. Mtu anayekata ada kabla ya kutoa pesa, halafu akamdhalilisha asiyehusika, amepata wapi mimbari? Mwandishi aliuliza ofisi yao iko wapi. Alitumiwa namba ya kulipia.

Mwandishi naye ana wadaiwa wengine. Jirani aliyeazima mtungi wa gesi amehama nao.

Shemeji aliyekopa ada ya mtoto yuko Dodoma, na kila Ijumaa anatupia picha za mishikaki mtandaoni. Mwandishi huzipenda, maana ni ndugu.