Bodi Inyamaze, Spika Iseme

Ukitaka kulijua boksi la spika, usianze na masikio. Weka kiganja ubavuni mwake wakati besi inapiga. Kiganja kikitetemeka kana kwamba umeshika ngoma, basi spika mbili zinapiga kwa pamoja: ile uliyoinunua, na ubao ambao haukualikwa. Kazi ya boksi ni kukaa kimya ili spika isikike. Kwa sisi tunaojitengenezea nyumbani, dawa yake ni plaiwudi nene, na kwa kuwa bodi nyingi za dukani zinaishia milimita 18, anayetaka 36 hana budi kubandika mbili. Haya ni mambo manane ya kazi hiyo. Tunahesabu kurudi nyuma, na kila hatua uzito unaongezeka.

8. Kumi na nane ya muhuri si kumi na nane ya kalipa

Bodi ya futi nane kwa nne imepigwa muhuri wa 18. Ipime ukingoni kwa kalipa, kile kipimo cha unene, utakuta 17, na siku nyingine 16 na nusu. Usigombane na muuzaji: bodi hupigwa msasa kabla ya kutoka kiwandani, na msasa haurudishi chenji. Pima pembe zote nne, kisha uchore boksi lako kwa namba uliyoipima mwenyewe. Bodi mbili zikipungua milimita moja na nusu kila moja, ile 36 yako ni 33, na kila mfereji uliochimba kwa ajili ya 36 utacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

7. Marini bodi ya zege haijawahi kuiona bahari

Ukiuliza marini bodi kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, unaletewa bodi yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa. Ni imara na inavumilia maji, lakini ngozi ile imewekwa makusudi ili zege lisiishike. Sasa kitu kilichofundishwa kukataa saruji, gundi yako ya mbao itakibembelezaje? Ukiitumia, kwangua ngozi kwa msasa kwenye uso unaobandikwa mpaka mbao ionekane, bila kuacha hata doa linalong'aa. Upande wa nje uache na ngozi yake: boksi la kupakiwa kwenye pikapu kila Jumamosi litakushukuru. Zile zilizokwisha kutumika kwenye ujenzi, zenye mafuta na mabaki ya saruji, zipite tu na salamu uzipe. Msumeno wako una meno, hauna meno ya bandia.

Na MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa? Haina mapengo, ni nzito, na inachongeka vizuri. Ila kingo zake hunywa unyevu na kuvimba, na kwa anayeishi Dar, Tanga au Mombasa, unyevu si mgeni wa kupita.

6. Nyumba njema si mlango

Hapa ndipo bodi mbaya zinaponunuliwa kwa bei ya bodi nzuri. "Hii safi, bosi, cheki uso wake," aliniambia fundi mmoja pale Keko, Dar es Salaam. "Uso nimeuona, kaka. Nionyeshe mbavu." Tukaisimamisha kwa ukingo, jua likaipiga. Kwenye tabaka la tatu palikuwa na mwanya ambao kidole changu kidogo kilizama hadi mwisho wa ukucha. Fundi akacheka, akaivuta nyingine bila mimi kuomba. Toka siku ile tunaheshimiana.

Basi kagua mbavu zote nne. Hesabu matabaka: yanatakiwa kuwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili nyuzi za uso wa juu na wa chini zielekee upande mmoja na bodi isijikunje. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kutoka mwisho hadi mwisho, kama unayebisha hodi kwa mtu unayemdai. Sauti ikibadilika ghafla, kuna pengo ndani. Pengo hilo ukilipeleka kwenye boksi litalia pamoja na besi, bzzz, kama nzi ndani ya chupa, na hutalipata tena mpaka ulivunje boksi.

Omba pia kipande kidogo cha mabaki, ukakichemshe jikoni kwa saa kadhaa. Matabaka yakifunguka kama kurasa za daftari, gundi ya kiwandani ni ya kukaa mahali pakavu tu. Sufuria ya kazi hiyo isiwe ya mama mwenye nyumba. Hilo nalo ni jambo la kitaalamu.

5. Birch ni tamu, lakini na Mafinga kuna mbao

Watengenezaji wa spika duniani huimba sana kuhusu plaiwudi ya birch, mti wa nchi za baridi, ya Finland, Urusi na nchi za Baltiki. Wana haki: bodi ya milimita 18 ina matabaka 13 membamba, yote ya mti uleule, mapengo ni machache, na kingo zake ni nzuri hata bila rangi. Nyingine huja futi tano kwa tano, kwa hiyo rekebisha mpango wako wa kukata. Tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku mbao za Urusi mwaka 2022, ile ya Urusi imekuwa ngumu kupatikana huko Ulaya.

Kwetu Tanzania, misonobari na mikaratusi ya Mafinga, wilayani Mufindi, huchanwa na kubandikwa kuwa plaiwudi karibu na nyumbani. Matabaka ni machache na manene zaidi, basi ukaguzi wa namba 6 ufanye mara mbili. Bodi ya Mafinga iliyochaguliwa kwa macho makali inaishinda birch iliyonunuliwa kwa jina.

4. Unene unakula lita

Hili huwakuta wengi wakati gundi imekwishakauka. Chukua boksi la nje ya sentimita 40 kwa 40 kwa 60. Ukilijenga kwa milimita 18, ndani unabaki na lita 74.7. Ukilijenga kwa 36, unabaki na 56.8. Karibu lita 18 zimekwenda, karibu ndoo nzima ya maji, na besi ya spika huhesabiwa kwa hewa iliyomo ndani. Tangu Neville Thiele wa Australia aandike hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, hakuna tena sababu ya kukisia. Anza na lita za ndani ambazo spika yako inazitaka, kisha unene uote kuelekea nje. Sebule itapungua kidogo, lakini sebule haina besi.

3. Usinenepeshe kila ukuta

Boksi lile la namba 4, kwa mbao ya uzito wa kilo 600 kwa mita moja ya ujazo, lina karibu kilo 13 za ubao likiwa la milimita 18. Likiwa la 36 kote, kilo 23 na nusu, kabla hujaweka spika, sumaku na skrubu. Sasa libebe hadi ghorofa ya tatu, kisha tuzungumze.

Unene uupeleke panapouhitaji: kwanza ubao wa mbele unaobeba spika. Kuta nyingine zifunge kwa mbao za kukatiza ndani, kutoka ubavu hadi ubavu. Ubao uliokatizwa hutetemeka kwa sauti ya juu zaidi, mbali na besi. Usiukatize nusu kwa nusu, kwa sababu vipande viwili vilivyo sawa vitaimba noti moja.

Na wapo waliokwenda njia nyingine kabisa. Gilbert Briggs, aliyeanzisha kampuni ya spika ya Wharfedale mwaka 1932, alijaza mchanga katikati ya bodi mbili za plaiwudi. Wahandisi wa BBC, kwenye spika yao ndogo ya LS3/5A ya miaka ya 1970, walitumia birch ya milimita 12 tu, wakabandika ndani vipande vizito vya lami vya kumeza mtetemo. Mwaka 1977 Harwood na Mathews wa BBC waliandika ripoti nzima kuhusu kuta za maboksi. Boksi ni elimu, jirani, sio mzigo wa mbao tu.

2. Gundi ina saa yake, nawe iheshimu

Kwa joto la Dar, gundi nyeupe ya mbao hukupa dakika tano kabla haijaanza kushika ngozi. Samaki mkunje angali mbichi, na bodi ikutanishe na mwenzake gundi ikiwa bado inang'aa. Kwa hiyo fanya alfajiri, na vifaa vyote viwe mezani: klempu zimefunguliwa, skrubu zimehesabiwa, simu imezimwa. Hakuna salamu inayoshindwa kusubiri dakika tano.

Piga msasa nyuso zote mbili, futa vumbi, kisha paka gundi gramu 40 hadi 50 kwa ubao wa sentimita 40 kwa 60. Itandaze kwa kipande cha plastiki chenye meno, mpaka pasiwe na doa kavu. Bodi zenye gundi mbichi huteleza kama ndala kwenye tope: nyunyiza punje chache za chumvi, kiasi cha kutia kwenye yai moja, zitaumana na kutulia.

Kisha ubanaji. Klempu hushika kingo na kuisahau katikati, basi weka juu vipande vya mbao vilivyobinuka kidogo tumboni, tumbo likiangalia chini, ukibana ncha zake. Katikati kabisa tumia skrubu, na hapa kuna siri tamu: zipige ndani ya duara ambalo baadaye litakatwa kuwa tundu la spika. Ukilikata, matundu ya skrubu yanaondoka nalo. Bodi ya juu itoboe tundu ambalo skrubu inapita bila kung'ata, la sivyo nyuzi za skrubu zitazishika bodi zote mbili na kuzizuia zisikutane.

Ndoo ya lita 20 juu yake? Hiyo ni kilo 20 tu. Mfuko wa nailoni ulionyonywa hewa kwa kompresa ya friji iliyokufa unaweza kuukandamiza ubao huohuo kwa karibu tani mbili, kwa sababu anga lote linakusaidia bila malipo.

Halafu iache saa 24. Usiichungulie, haitotoi.

1. Mbili ziwe moja

Chukua rula mbili za shule, zipange pamoja, uzikunje kwa vidole. Tazama ncha zake: zinapishana, kila moja inateleza kivyake. Ugumu umeongezeka mara mbili tu. Sasa zibandike vizuri na ujaribu tena kesho. Ncha haziwezi kupishana, na ugumu umekuwa mara nane, kwa sababu ugumu wa ubao hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Rula ni zilezile na uzito ni uleule. Kilichozaa zile mara sita za ziada ni gundi isiyoacha nafasi.

Ndiyo maana bodi mbili zilizoshikwa kingoni tu, katikati zikiwa zimeachana, ni bodi mbili. Umelipia 36 ukapata 18 mara mbili, na pengo la kuimba ukapewa bure. Yote ya juu, ukaguzi wa mbavu, kukwangua ngozi, dakika tano za alfajiri, yanatumikia jambo hili moja.

Basi kesho yake, kabla hujakata tundu, piga ubao wako kwa kifundo cha kidole, sentimita baada ya sentimita. Ukisikia "ko" fupi, ileile, kutoka pembe hadi pembe, umefaulu. Jenga boksi, funga spika, fungulia wimbo unaoupenda wenye besi ya kutosha. Weka kiganja ubavuni. Utasikia muziki unajaza chumba, na mkononi usihisi kitu.