Doa la Manjano na Sabuni ya Kipande

Kanzu nyeupe ikiingia kwenye karai na doa dogo la manjano, kisha ikatoka na doa jekundu kana kwamba mwenyewe alikuwa machinjioni, hakuna mtu mzima hapa Bulla Pesa, Isiolo, anayebaki na heshima yake. Fedheha hii ni mbichi. Bado inanuka sabuni. Mchuzi wa mbuzi umedondoka, sabuni ya kipande imesuguliwa kwa bidii yote, na doa, badala ya kusalimu amri, limepandwa na hasira. Na kando ya karai hakosekani mtoto wa Gredi ya 7, mikono nyuma, anayetaka kujua kwa nini. Majibu ya wakubwa yanajulikana: sabuni ni feki, maji ya siku hizi yameharibika, kuna mtu ana jicho baya. Yote hutolewa kwa uso mkavu na sauti ya mamlaka, na hakuna hata moja lenye kumtosheleza mtu aliyefundishwa juzi kwamba jambo linathibitishwa kwa kujaribiwa.

Ukweli wenyewe ni mtamu kuliko visingizio hivyo. Rangi ya manjano, kile kiungo cha mchuzi, hutokana na kemikali iitwayo kurkumini, na kurkumini ni kigeugeu wa hali ya juu. Ikiwa pamoja na asidi, au na maji matupu, ni njano tulivu. Ikikutana na alkali, iwe sabuni, magadi au maji ya majivu, huwa nyekundu ya kutisha. Kila molekuli yake ina atomi za hidrojeni zilizoshikiliwa pembeni kwa ulegevu, kama abiria wa mlangoni kwenye matatu. Alkali huja ikazinyakua. Zikishaondoka, elektroni zilizobaki hujipanga upya kwenye uti wa molekuli, na molekuli iliyozoea kumeza mwanga wa zambarau na buluu sasa inaanza kuula na ule unaoelekea kijani. Jicho letu halipewi ila masazo, na masazo hayo ni wekundu. Mageuzi huanza pH, ile namba ya kupimia asidi na alkali, inapokaribia 8. Sabuni ya kipande kwa kawaida iko kati ya 9 na 10, kwa hiyo doa halina namna ila kubadilika. Ukilikamulia ndimu, ambayo pH yake ni karibu 2, linarudi njano papo hapo, kana kwamba halijawahi kumwaibisha mtu. Sabuni tena, nyekundu. Ndimu tena, njano. Mtu anaweza kumaliza asubuhi nzima kwa mchezo huu na kanzu isitakate hata kidogo, lakini atakuwa na mkononi kipimo cha asidi na alkali kinachofanya kazi ile ile ya karatasi ya litmasi, na kilichogharimu tone moja la mchuzi.

Hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Intaneti humfaa mtoto katika fizikia na kemia pale inapogombana na jikoni. Ikibaki kwenye skrini peke yake, inamfundisha utiifu tu. Tazama video za majaribio ya watoto zinazosifiwa kwamba zinatumia vifaa vya nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kuna kabeji ya zambarau, kuna barafu kavu, kuna maikrowevu. Mtoto wa Bulla Pesa huzitazama kama anavyotazama harusi ya kitajiri, kisha anahitimisha kwamba kemia ni kitu cha watu wenye kabeji ya zambarau, ilhali mkebe wa manjano uko juu ya kichwa chake. Kuna vifaa vya mtandaoni vyenye adabu zaidi. Mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, hutoa maigizo ya kisayansi bure, na mengi yanaweza kupakuliwa mara moja yakatumika bila mtandao. Kwenye lile la pH mtoto anaweza kupima maziwa, mate, sabuni ya mikono na hata matapishi. Hilo la mwisho, nakiri, ni werevu mkubwa wa malezi. Mchuzi wa mbuzi haumo. Ni kasoro yenye faida, maana inambidi mtoto aende kuutafuta.

Skrini pia huzungumza kwa uhakika uliopitiliza. Uulize mtandao maji yanachemka kwa nyuzi ngapi, utaambiwa 100, nukta. Isiolo iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ya sufuria ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kila mita 300 hivi za kupanda hupunguza nyuzi moja. Chai ya Bulla Pesa inachemka kwenye 96. Kwenye kilele cha Mlima Kenya, ule tunaouona kusini asubuhi zisizo na mawingu, mita 5,199, ni kama 83, na maharage ya huko yangehitaji subira ya makaburini. Mtoto mwenye kipimajoto atadhani kimeharibika. Asiye nacho atajaza 100 kwenye mtihani, apewe alama, na aendelee kunywa chai ya 96 maisha yake yote.

Watu husema mzazi asiyejua sayansi hawezi kumwongoza mtoto. Mimi naona historia yetu inasema kinyume. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi kwenye friza ilikuwa ikigombaniwa, akaweka mchanganyiko wake ungali moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake, ambao haukuchemshwa. Aliyempuuza hakuwa mama yake wala muuza duka. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mwenye elimu. Ni baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alipomuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akakubali kwenda kujaribu. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1969. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza jambo hilo vizuri, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakapima upya na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba lipo. Nusu karne ya ubishi juu ya aiskrimu! Mwalimu aliyejua alifunga mlango. Mzazi asiyejua lolote, lakini mwenye uwezo wa kusema "hebu tujaribu", ana sifa bora kuliko yeye.

Hoja kwamba majaribio ya nyumbani ni hatari ni nzito zaidi, na siipuuzi. Doa likikataa ndimu, mkono wa mtu mwenye haraka huenda kwenye chupa ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, na Jik ikikutana na asidi, iwe ya ndimu, siki au dawa ya choo, hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua askari kule Ypres mwezi Aprili 1915. Hilo linafanyika kwenye bafu zisizo na dirisha, na wanaolifanya ni watu wazima wasiotazama video yoyote. Hapa mtandao unaweza kumfanya mtoto kuwa mtu pekee nyumbani anayejua kwamba chupa mbili zile hazichanganywi. Kuhusu wanaosema atahamia TikTok: ndiyo, atahamia. Kaeni naye.

Bando ndilo linalouma. Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, Gredi ya 7 iliwekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi hazikuwa na maabara. Somo la Sayansi Jumuishi likaja na majaribio yake, na mzazi akaambiwa kwa upole kwamba yeye ni mshirika wa elimu. Ushirika huo una maana moja: ananunua data ili mwanawe atazame kwenye simu yenye kioo kilichopasuka birika la maabara ambalo kodi ya mzazi huyo huyo ilipaswa kulinunua. Mwaka 2013 waliahidiwa vipakatalishi watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikaletwa tableti. Ningefurahi zaidi kwa rafu moja, neli za kioo ishirini na mwalimu wa sayansi asiyefundisha pia dini na michezo. Nikisikia kwamba mtandao umeziba pengo, najiuliza ni nani aliyelichimba, na kwa nini gharama za kulifukia zinatumwa kwa M-Pesa kutoka Bulla Pesa.

Kanzu, hata hivyo, ina dawa, nayo haihitaji bando. Kurkumini haivumilii jua. Mwanga huivunja vipande vipande, na vipande hivyo havina rangi ya kumwaibisha mtu. Isuuzwe sabuni yote, ianikwe ikiwa na maji kwenye kamba, doa likielekea juu, na jua la Isiolo, ambalo halijawahi kutuchelewesha, lishughulikie. Kufikia alasiri doa huwa limefifia, na maswali ya mtoto ndiyo kwanza yanaanza. Anataka kujua kwa nini manjano iliyo kwenye mkebe wa jikoni haififii, na kama tunaweza kuumwaga wote juani tuone.