Twiga wa Kulipia

Ukitaka kujua idadi kamili ya jamaa zako Garissa, tangaza kwamba unaenda Nairobi na gari lina nafasi. Mimi nilitangaza Agosti, shule zimefungwa, kwamba nampeleka mama watoto na watoto wakabadilishe hewa. Kufikia isha nilikuwa na mjomba mwenye miadi ya macho Eastleigh, binamu anayefuata mzigo wa nguo, na mama yangu, ambaye hakuomba nafasi. Alitanguliza mizigo tu.

Mizigo yenyewe: ndoo ya nyirinyiri, nyama kavu iliyozama ndani ya samli, na mtungi wa maziwa ya ngamia. Nikamweleza kwamba Eastleigh maziwa ya ngamia yanauzwa kila kona. Akaniuliza, ya ngamia wa nani?

Tulipatana kuondoka baada ya alfajiri, kabla jua halijachachamaa, maana hadi Nairobi ni kama kilomita 370 na nusu ya kwanza ni nyika na joto. Tuliondoka saa nne.

Tukafika darajani. Daraja la Tana liko mlangoni mwa mji. Ukilivuka uko Madogo, kaunti nyingine. Upande huo, Novemba 2023, mafuriko ya El Nino yaliikata barabara na wasafiri wakavushwa kwa mashua. Safari hii mto ulikuwa umetulia. Kilichotukata ni suruali.

Polisi wa kizuizini aliomba vitambulisho, na mtu wa Kaskazini Mashariki anajua kuwa heri usahau tairi la akiba kuliko kipande hicho. Mjomba akapapasa koti, akapapasa shati, akavua kofia akachungulia ndani. Kisha akatamka, kwa utulivu wa mtu asiyeendesha yeye, kwamba kimebaki kwenye suruali nyingine.

"Iko wapi?"

"Imefuliwa."

Tukageuza. Suruali tuliikuta kambani, kitambulisho mfukoni, kimeoga na kutakata. Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kula chakula cha njiani, na mdogo akauliza kama hapa ndipo Nairobi.

Baada ya Bangale, maziwa yakaamka. Mtungi ulikuwa kati ya miguu ya binamu, na kwa lile joto ulianza kuvimba mbavu. Binamu akaona ni vyema aulegeze mfuniko kidogo. Mfuniko haukutaka kulegezwa kidogo. Uliruka ukagonga paa, na mfanyabiashara wetu wa nguo akabaki na shati moja lisilouzika, susa, yaani maziwa yaliyochachuka, ikimtiririka toka kwenye ndevu hadi kwenye simu. Mama alichovya kidole begani kwake, akaonja. "Sasa ndiyo yameiva," akasema, akaomba kikombe.

Mbele kidogo twiga wawili wakakatiza barabara, taratibu, kana kwamba ni yao. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Walikuwa wanagombania dirisha lisilo na maziwa.

Mwingi tulikunywa chai na kuosha gari, na binamu. Thika tukafunga madirisha. Ruiru mama akadai shuka, na mjomba, aliyelalamikia joto tangu asubuhi, akaanza kulitaja kwa heshima.

Kesho yake nikawapeleka Lang'ata, kwenye kituo cha twiga. Mama akasimama langoni, akatazama watu wanavyotoa pesa.

"Hawa wanalipiwa?"

Nikamwambia ndiyo, ila unapewa na chakula uwalishe kwa mkono wako. Akafikiri. Kwetu Bour-Algi, nje kidogo ya mji, twiga wanajilisha wenyewe na hawamdai mtu.

"Yaani unalipa, halafu unamchungia mwenyewe?"

Akakubali kuingia kwa sharti moja, kwamba nikaulize dirishani kama wachungaji wana punguzo. Nikaenda, nikauliza. Binti wa tiketi, mtu wa adabu sana, akataka kujua mama ni wa kanisa gani.